Kiraka Kisichosomwa

Ieleweke tangu mwanzo kwamba simdharau Mwalimu Mahenge. Mwalimu wetu wa nidhamu ni mtu mwenye ndevu, mwenye sauti, na mwenye orodha ya makosa themanini na mawili aliyoibandika kwenye mlango wa kila bweni. Ninachosimulia hapa ni ukweli mtupu, na kama ukweli wenyewe unachekesha, hilo si kosa katika orodha hiyo. Nimeangalia.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi. Ukungu wa Makete ulikuwa umelala uwanjani kama mtu asiyetaka kuamshwa. Sisi wasichana mia nne wa shule ya Ngwilili tulisimama mstarini na vikombe mikononi, tukimsubiri Askofu.

Askofu si askofu. Ni mchumaji: mashine ya miguu sita iliyoundwa kuchuma chai, ambayo siku hizi hubeba pipa la uji. Alitoka jikoni polepole, akikanyaga changarawe kwa heshima kama jina lake linavyomtaka, akafika mbele ya Mwalimu Mahenge na kusimama.

"Pita," Mwalimu alisema.

Askofu hakupita. Uji ulikuwa unatoa mvuke mzuri sana.

"Nimesema pita! Mimi ndiye mwalimu wa zamu!"

Taa ya kijani kifuani mwa Askofu ikawaka. "Nasubiri kuamkiwa," alisema.

"Na nani?"

"Na wewe, mwanangu. Mimi nina miaka thelathini na mmoja. Wewe utatimiza thelathini mwezi wa tisa."

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mwalimu Mahenge alikuwa ametuambia, zaidi ya mara moja na bila kuulizwa, kwamba anakaribia arobaini. Ndevu zile zote zilikuwa kazi ya kuunga mkono kauli hiyo. Sasa wasichana mia nne walikuwa wanauma vikombe vyao vya bati ili wasicheke, na sauti ya meno kwenye bati ilisikika mpaka jikoni.

Dakika tano zilipita. Dakika kumi. Kidato cha kwanza, ambao huona njaa kabla ya watu wengine, walianza kunung'unika. Mwishowe Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayeungama, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Soma kwa bidii."

Askofu akapita na uji wake.

Hiyo "soma kwa bidii" ilikuwa mstari wa kumi na tisa. Katika mistari yote ishirini na miwili niliyoandika, huo ndio ninaojivunia.

*

Yusta Mbwilo alikuwa amelala chali chini ya tumbo la Askofu, na miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Yusta ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, tuliposhushwa kwenye lori moja tukiwa na masanduku yanayofanana, kila mmoja akaenda bwenini na nguo za mwenzake. Sasa tulikuwa kidato cha tatu, naye alikuwa Mlinzi wa Kiini, cheo kikubwa kuliko vyote ambavyo mwanafunzi anaweza kupata Ngwilili. Hata dada mkuu humpisha mlangoni.

"Nipe bisibisi ndogo," alisema.

Nilimpa.

"Suba, hiki kitu hakiniingii akilini. Goti liko sawa. Waya ziko sawa. Kiini nimekikagua mstari kwa mstari kwenye karatasi ya Kisomo. Kiko safi kama sahani ya mgeni. Sasa nani kawafundisha kudai shikamoo?"

"Labda wamezeeka," nilisema. "Uzee una mambo yake."

"Usinichekeshe, nina skrubu mdomoni."

Kwa wasiojua: wachumaji wetu arobaini waliachwa hapa kampuni yao ilipokufa, pamoja na mashamba, banda la kukaushia chai na mfumo endeshi wa kompyuta uitwao Kikapu. Hakuna shule nyingine inayotumia Kikapu. Hakuna ofisi. Yupo bwana mmoja wa Lushoto mwenye mashine ya kukamua mbuzi, ambaye hutuandikia kila Krismasi kuuliza kama tungali hai. Vipuri havipo. Goti la mchumaji likifa, tunafunga springi ya pikipiki, na springi ya pikipiki haijui lolote kuhusu kuchuma chai, kwa hiyo lazima kiini kifundishwe namna ya kuongea nayo.

Kiini ndicho moyo wa mfumo. Kwenye mashine, kiini ndiye mwalimu wa zamu. Mguu wa tatu unataka umeme, jicho la kushoto linataka kumbukumbu, mkono wa kulia unataka vyote viwili na unavitaka sasa hivi. Kiini ndicho kinachosema: wewe ngoja, wewe nenda, wewe ulishakula. Kila tunapobadilisha kitu mwilini mwa mchumaji, tunakishonea kiini kiraka, yaani mistari michache ya maagizo. Wasichana wa Ngwilili wameshona viraka elfu moja mia tisa na sita tangu wakati wa mama zetu.

Na kila kiraka husomwa. Hiyo ndiyo sheria yetu, ya zamani kuliko orodha ya Mwalimu Mahenge. Jumamosi baada ya chakula cha mchana, bwaloni, aliyeandika kiraka hupanda juu ya benchi na kukisoma kwa sauti, mstari mmoja mmoja, kwa Kiswahili ambacho hata mpishi anaelewa. Yeyote anayekula shuleni hapa anaweza kusema "Napinga," na neno hilo moja linatosha kukiua. Miaka kumi na minne iliyopita kiraka kimoja kilipita bila kusomwa, wachumaji wakalima uwanja wa mpira na kupanda viazi. Shule ilicheza netiboli tu kwa miaka miwili, na viazi vyenyewe vilikuwa vichungu.

Mimi kiraka changu nilikisoma. Kilikuwa cha magoti ya kushoto, mistari tisa, hakuna aliyepinga. Yusta aligonga muhuri kwenye karatasi na kunipa ufunguo wa banda, kwa kuwa wiki ile nilikuwa mjenzi, mtu wa kuingiza kiraka kwenye mashine. Kujenga kiini huchukua saa nne, maana kompyuta yetu ni ya rika la wachumaji. Kabla sijabonyeza kitufe, nilikaa peke yangu mbele ya ile kompyuta, nikamfikiria Mwalimu Mahenge na ndevu zake, nikaongeza mistari ishirini na miwili.

Hakuna aliyeiona. Sisi Ngwilili tunakagua karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo iliyosomwa. Tangu viazi vile, hakuna aliyewaza kwamba kilicho kwenye karatasi na kilicho kwenye mashine vinaweza kuwa vitu viwili.

Yusta alijivuta kutoka chini ya Askofu. Alikuwa na grisi kwenye paji la uso. "Suba, ulijenga kile nilichokigongea muhuri, sivyo?"

"Nilijenga ulichokigongea muhuri," nilisema.

Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli, na jibu zima lilikuwa uongo. Ni ustadi ambao haufundishwi darasani.

"Basi." Aliniamini palepale, na ndipo nilipoanza kujisikia vibaya. "Maana Jumatano anakuja afisa wa Ofisi ya Viini, na mimi ndiye ninayeapa."

"Unaapa nini?"

"Hukusikia juzi mstarini? Ulikuwa unachora ndevu kwenye daftari." Alifuta bisibisi kwenye sketi, kosa namba thelathini na moja. "Serikali inataka mashine zote nchini zitumie Kiini Kimoja. Atakayetaka kubaki na chake, mlinzi wake aape kwa saini kwamba kila mstari ulisomwa mbele ya watu kabla ya kuwashwa. Nikiapa, tunabaki na Kikapu. Ikigundulika hata mstari mmoja haukusomwa, wachumaji wanazimwa na kubebwa."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi aliyeapa uongo hagusi kiini chochote kwa miaka kumi." Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, kama mtu anayetaja adhabu ya kuiba ng'ombe akiwa hana mpango na ng'ombe. "Sasa shika mguu huu, nataka kuona kama unalegea."

Nilishika mguu. Yusta alikuwa ameshapata nafasi Chuo cha Viini, Iringa. Barua ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake, mahali ambapo sisi wengine tunabandika picha za waimbaji.

*

Nilikuwa na mpango, bila shaka. Mtu wa heshima zangu hakosi mpango. Nilitaka kuiondoa ile mistari kimyakimya na kujenga kiini upya kabla ya Jumatano. Lakini kujenga kunataka ufunguo, ufunguo unataka muhuri, na muhuri unataka Kisomo. Sheria niliyoiruka wakati wa kuingia sasa ilikuwa imesimama mlangoni, imekunja mikono.

Jumanne nilikwenda jikoni kufikiri, kwa sababu jikoni kuna joto na ukoko wa ubwabwa. Bibi Ezelina, mpishi wetu, alikuwa anachambua maharage. Ana miaka sitini na minane. Siku hiyo alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu, kile cha njano chenye tausi.

"Bibi, shikamoo. Kuna harusi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Harusi ya nani Jumanne? Ngoja, utaona."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Mchumaji aliyebeba kuni alichungulia na kuinamisha kichwa chake cha bati. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo? Weka pale."

Akaja wa pili, wa ndoo za maji. "Shikamoo, Bibi." Wa tatu hakuwa na kazi yoyote jikoni, alikuwa anapita tu, lakini alisimama dirishani na kuamkia. Bibi Ezelina aliwajibu wote kwa zamu, mgongo umenyooka, akichambua maharage kama malkia anayechambua maharage.

"Arobaini," aliniambia. "Kila asubuhi arobaini, nimehesabu. Ninyi mnakuja hapa mbio, 'Bibi ongeza, Bibi chumvi.' Hawa hawali hata, lakini wanasimama." Akanitupia kipande cha ukoko. "Huyo aliyewafundisha kalelewa na watu."

Nilitafuna ukoko. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sifa ilinikaa kooni.

*

Afisa alifika Jumatano saa tatu asubuhi. Aliitwa Bwana Mkongea. Alikuwa mnene wa kupendeza, mwenye suti ya kijivu na uso wa mtu anayependa watu, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na saba. Najua kwa sababu mchumaji wa getini alimwambia.

"Mimi ni afisa wa serikali," Bwana Mkongea alimweleza mchumaji. "Siamkii mashine."

"Nasubiri," mchumaji alisema.

"Mheshimiwa, we mwamkie tu," Mwalimu Mahenge alimnong'oneza. "Mimi nimeshazoea."

Bwana Mkongea alicheka, akaamkia, akaambiwa asome kwa bidii. Akaelekea banda la kukaushia chai, ilipo kompyuta, na shule nzima ikamfuata kwa umbali wa adabu.

Banda lina korido ndefu, upana wa mchumaji mmoja. Bwana Mkongea aliingia. Alipofika katikati, upande wa ndani akatokea Kulwa, mchumaji wa kuzoa majivu. Afisa akageuka nyuma. Mlangoni alikuwa ameshaingia Doto, mchumaji wa kuni, aliyetumwa kufagia kwa ajili ya mgeni. Siku nyingine hawa wawili hawakutani, kwa kuwa mmoja hushinda bandani na mwingine msituni. Sasa walisimama wakitazamana, Bwana Mkongea akiwa katikati yao kama jibini ndani ya mkate.

"Shikamooni," alisema haraka, maana alikuwa ameshajifunza.

"Marahaba, mwanangu," walijibu wote wawili. Hawakusogea.

"Nimeshaamkia!"

"Si wewe tunayemsubiri," alisema Kulwa.

"Tunasubiriana," alisema Doto.

Yusta alipanda kreti, akasoma kibati mgongoni mwa Doto, kisha akakodolea macho kibati cha Kulwa kule mbele. "Wametoka kiwandani siku moja," alisema polepole.

Tulijaribu kila kitu. Tuliwasukuma, tukasukumwa na uzito wao. Mchumaji akizimwa hufunga miguu na kuwa kama ng'ombe wawili waliokufa wamesimama, kwa hiyo kuwazima kungeongeza tatizo. Kupita juu kulimshinda Bwana Mkongea, na kupita chini kulimshinda zaidi. Baada ya nusu saa alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akafungua mkoba wake, akawa mtu wa kazi.

"Binti," alimwita Yusta kupitia juu ya mgongo wa Doto, "mimi nishawahi kuona vitu kama hivi. Mashine za zamani zina mambo yaliyofichwa tangu kiwandani. Unagusa goti, kinaamka kitu kingine. Nitaandika hivyo: hitilafu ya kiwandani. Haiwahusu ninyi. Wewe saini hapa, tumalize, halafu tutafute namna ya kunitoa."

Karatasi ilipita juu ya kuni za Doto na kufika mkononi mwa Yusta. Aliisoma kwa sauti, kwa sababu Ngwilili tunasoma kila kitu kwa sauti: "Naapa kwamba kila mstari wa kiini hiki ulisomwa mbele ya watu kabla ya kuwashwa."

Akatoa kalamu.

Naomba msomaji anielewe. Ningekaa kimya, kila kitu kingepona. Kikapu kingebaki, wachumaji wangebaki, Bibi Ezelina angeendelea kuvaa tausi, na kiwanda kilichokwisha kufa kingebeba lawama bila kulalamika. Wa kuumia asingekuwepo. Angekuwepo tu Yusta, na saini yake chini ya uongo, katika umati wa watu ambao mmoja wao anajua na yeye hajui. Angekwenda Iringa na saini hiyo. Angekuwa hodari, angekuwa mkubwa, na mimi ningekuwa namtazama kila likizo nikijua.

Kalamu iligusa karatasi.

"Napinga!" nilisema.

Yusta aligeuka. Kila mtu aligeuka. Nadhani hata Kulwa aligeuza jicho moja.

"Unapinga nini, Suba? Hiki si Kisomo."

"Napinga kiapo. Si hitilafu ya kiwandani. Ni mistari ishirini na miwili, na niliiandika mimi."

Nilimwona Yusta akitazama ile kalamu, kisha karatasi, kisha mimi, na ingekuwa afadhali aniite majina yote yaliyomo kwenye orodha ya makosa. Alifunga kalamu.

"Panda benchi," alisema. "Soma."

*

Hapakuwa na benchi, kwa hiyo nilipanda kreti. Nilisoma mbele ya wasichana mia nne, walimu, wapishi na mwakilishi wa serikali aliyekuwa amekaa juu ya ndoo.

Mstari wa kwanza: soma tarehe ya kuundwa kwa mashine. Mstari wa pili: soma umri wa mtu aliye mbele yako kwenye rejista ya shule, na kama ni mgeni, kwenye kitambulisho chake. Mstari wa nane: salamu ikiwa ya chini chini, jifanye hukusikia. Watu walianza kucheka. Nilipofika wa kumi na tisa, "waambie wasome kwa bidii," Bwana Mkongea alicheka mpaka ndoo ikalia. Nilisoma mpaka mwisho. Yusta hakucheka.

"Narudia ile ya uamuzi," nilisema, kama sheria inavyotaka. "Mstari wa kumi na mbili: kama wewe ni mkubwa, ngoja uamkiwe. Mstari wa kumi na tatu: kama wewe ni mdogo, amkia, upite."

Mkono mdogo uliinuka. Alikuwa msichana wa kidato cha kwanza, bado ana sweta linalofika magotini.

"Dada, na kama mko rika moja?"

Niliutazama mstari wa kumi na tatu, nikauruka, nikatafuta mwingine. Hakukuwa na mwingine. Mimi, ambaye sijawahi kumwamkia Yusta hata siku moja, nilikuwa nimesahau kwamba duniani kuna watu wa rika moja.

"Kama mko rika moja," nilisema, "mnakwama kwenye korido."

Bwana Mkongea alikuwa ameacha kucheka. Alichukua kalamu yake nyingine. "Ofisini kwetu," alisema, "Kiini Kimoja kinakaguliwa na watu mia mbili wenye shahada. Kila mmoja anakisoma peke yake, chumbani kwake, kimyakimya. Huyu mtoto ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu, shikamoo," alisema yule msichana, na kujificha nyuma ya mwenzake.

"Kiraka kimesomwa," Yusta alisema. Sauti yake ilikuwa ya Mlinzi, si ya rafiki. "Napinga chote. Kilipita bila kusomwa, hata kingekuwa kizuri."

Neno moja linatosha. Kikafa palepale, pamoja na mstari wa kumi na tisa. Nilishuka kwenye kreti na wala sikubisha, jambo ambalo walimu watatu walilitaja baadaye kwenye ripoti.

"Na mimi nina kiraka."

Alikuwa Bibi Ezelina. Katika miaka yangu yote Ngwilili sikuwahi kumsikia mpishi akisema neno kwenye Kisomo, ingawa sheria inamruhusu. Alikuwa amevaa tausi wake, mikono ina unga.

"Kuandika sijui," alisema. "Lakini nakula hapa. Hao watoto wa bati waendelee kuamkia wakubwa, kuna ubaya gani? Ila wasimdai mtu. Salamu haidaiwi. Aliye mdogo, wamuulize tu ameamkaje, wapite na uji haujapoa. Na miaka ya mtu wasiitangaze." Hapo alimtazama Mwalimu Mahenge kwa huruma, na Mwalimu akatazama mbingu.

"Na wale wa rika moja, Bibi?" Yusta aliuliza.

"Aa, hao si wanaambiana lile neno lenu, mambo, mwingine anasema poa? Nawasikia kutwa nzima."

Yusta alikaa chini mlangoni, akaandika. Mimi nilikatazwa kugusa kibodi mpaka nimalize kidato cha nne, na Mwalimu Mahenge akanikabidhi vyoo vyote vya upande wa mashariki kwa muhula mzima, kwa utulivu uliokuwa karibu na furaha. Lakini kusoma sikukatazwa. Kwa hiyo Yusta aliandika mistari kumi na mmoja, na mimi nikapanda tena kreti na kuisoma. Hakuna aliyepinga. Safari hii alikagua mashine yenyewe, akilinganisha na karatasi neno kwa neno, na msichana wa sweta kubwa akimsomea.

Ili kufika kwenye kompyuta ilibidi Yusta apitie dirisha la nyuma ya banda. Saa tano na nusu, ujenzi ukaanza.

*

Saa nne ni nyingi ukiwa unamtazama mtu aliyekukasirikia.

Wapishi walimpitishia Bwana Mkongea wali na maharage juu ya mgongo wa Doto. Alikula vizuri, akaomba tena, akahadithia habari za ofisi yake kwa wasichana waliojipanga juu ya kreti mlangoni kama ndege. Yusta alikaa kwenye majani nje ya banda na Daftari la Viraka mapajani. Kila kiraka huandikwa humo, hata kilichokufa, na sababu yake. Sheria ya Daftari ni fupi: sababu iwe ya kweli.

Nilikaa hatua mbili kutoka kwake.

"Kiraka namba elfu moja mia tisa na saba," alisema bila kuniangalia. "Kimepingwa. Sababu ya kuandikwa?"

Nilisafisha koo. "Katika zama hizi ambapo maadili ya vijana yanazidi kuporomoka, mwandishi aliona umuhimu wa kuenzi utamaduni wetu wa kuheshimu..."

Kalamu yake ilikuwa hewani, haishuki.

"Nilitaka kumwona Mwalimu Mahenge akiliamkia pipa la uji," nilisema.

Aliandika. Aliandika yote, neno kwa neno, kwa mwandiko wake mzuri wa Mlinzi. Alipofika kwenye "pipa" kalamu ilisimama. Alijaribu kuuma midomo. Akaweka Daftari usoni, na mabega yake yakawa yanaruka.

"Alisema 'shikamoo'," Yusta alisema kutoka nyuma ya Daftari, "kama mtu anayeungama dhambi."

"Niliona."

"Na Askofu akamwambia asome kwa bidii." Alishusha Daftari. Macho yake yalikuwa na machozi, na sikujua kama yote ni ya kucheka. "Suba, ningeapa. Ulikuwa umebakiza nukta moja."

"Najua."

"Usinifanyie tena. Ukitaka kumcheka mtu, niambie, tumcheke wote."

Nilisema sitarudia. Hakuna aliyepinga.

Saa tisa na nusu kengele ya kompyuta ililia. Wachumaji arobaini walizimika kwa pamoja, msituni, jikoni, getini, na kwa muda shule ikawa kimya mpaka tukasikia maji ya mto kule bondeni. Kisha taa moja ya kijani ikawaka, ya pili, ya kumi. Ndani ya korido, Kulwa alinyanyua kichwa, akamtazama Doto.

"Mambo?"

"Poa."

Doto akarudi nyuma hatua sita, na Bwana Mkongea akatoka kwenye jua akiwa na punje ya wali kwenye tai, akapokewa kwa vigelegele ambavyo sidhani serikali imewahi kupigiwa.

Aliweka karatasi juu ya kreti. "Kiini kilichozimwa si kiini kinachoapiwa," alisema. "Kinachoapiwa ni hiki kilichowashwa sasa. La mwanafunzi Chaula nitaliandika kama lilivyotokea, na jinsi lilivyogunduliwa nitaliandika kwa herufi kubwa." Alinitazama. "Pole na vyoo."

Yusta alichukua kalamu. Alisimama wima, akasoma: "Naapa kwamba kila mstari wa kiini hiki ulisomwa mbele ya watu kabla ya kuwashwa." Kisha, badala ya kusaini, alitugeukia, wasichana mia nne, walimu, wapishi na wachumaji waliokuwa wamekusanyika nyuma yetu.

"Yupo anayepinga?" aliuliza.

Watu wote walinitazama mimi. Hata Askofu. Nami, Subilaga Chaula, mwenye makosa arobaini na saba kati ya themanini na mawili, niliziba mdomo kwa mikono yote miwili, na sijawahi kunyamaza kwa raha kama siku ile.

Yusta akasaini.